Toleo Jipya Halikubisha Hodi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walitaka kutuonya kwamba binadamu hupenda kitu kipya hata kama kitu chenyewe kinamuumiza. Methali hii nimeiamini tangu utotoni, na nimeiona ikithibitika mara nyingi, madukani na hata katika siasa. Lakini wako watu ambao methali hii haiwahusu hata kidogo. Kwao kipya huwa kidonda kwanza, kabla hakijafunuliwa, na unyemi wake, kama upo, huja baada ya miaka. Watu hao ni wapenzi wa michezo ya kuigiza inayochezwa mezani kwa karatasi na dadu. Ninawafahamu vizuri kwa sababu ni mmoja wao. Kwa hiyo katika insha hii mimi ni hakimu, lakini pia ni mshtakiwa, na msomaji ana haki ya kulijua hilo mapema.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, maelezo yake ni mafupi. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao ni msimulizi: yeye ndiye ajuaye ramani ya pango, nani amejificha nyuma ya mlango, na hazina imefukiwa wapi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, askari, mchawi, kasisi au mwizi, ambaye sifa zake zimeandikwa kwa namba katika karatasi. Msimulizi hueleza hali ilivyo. Wachezaji husema wahusika wao watafanya nini. Na jambo likiwa na shaka, mathalani kama upanga utampata adui au utakata hewa, hutupwa dadu. Dadu iliyo maarufu zaidi ina pande 20. Hakuna mshindi, na aghalabu hakuna mwisho. Kisa kimoja kinaweza kuendelea miaka kumi, wachezaji wakioa, wakizaa na kuhama nyumba, na wahusika wao wakizidi kupanda daraja.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulitoka mwaka 1974 katika vijitabu vitatu vidogo ndani ya kisanduku, na nakala za awali zilikuwa 1,000 tu. Kampuni iliyoutoa, TSR, ilikuwa Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Mimi nilifika katika jimbo hilohilo mwaka 1990, kusoma katika mji wa Madison, na huko ndiko nilikoletwa mezani.

Nililetwa na baridi, nikisema kweli. Mwanafunzi atokaye Tanga hana la kufanya Jumamosi ya mwezi wa Januari huko Wisconsin ila kukaa ndani na kuhesabu barua alizopata kutoka nyumbani. Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa fundi umeme, mtu mkubwa kuliko mimi kwa miaka kumi hivi, naye kila Jumamosi alikuwa na wageni watatu na meza iliyojaa karatasi. Siku moja aliniita, akanipa dadu, akaniambia nichague mhusika. Nilichagua askari nikampa jina la Liyongo. Waliponiuliza maana yake nikawasimulia habari za shujaa wa Pate, asiyeuawa kwa silaha yoyote ila msumari wa shaba uliochomwa kitovuni. Fundi yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua penseli, akafungua kitabu chake cha kanuni, na pembeni mwa ukurasa wa askari akaandika kwamba Liyongo akichomwa msumari wa shaba kitovuni hufa, hata dadu iseme nini.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu bila yeye sitaeleweka. Kanuni ile haikuwamo katika toleo lolote la kitabu chochote. Ilikuwa ya meza yetu. Na hivyo ndivyo mchezo huu ulivyo kila mahali: kampuni huchapa kitabu kimoja, lakini kila meza, baada ya mwaka au miwili, ina kitabu chake, nusu kikiwa chapa na nusu penseli. Anayetaka kujua kwa nini wapenzi wa mchezo hukasirika toleo jipya linapotoka na aanzie hapo.

Wakati huo tulikuwa tukitumia toleo la pili, lililotoka mwaka 1989. Mimi nililikuta likiwa tayari mezani, nikalidhani ndio mchezo wenyewe. Lakini mgeni mmoja kati ya wale watatu, mwanamke aliyekuwa muuguzi, hakuacha kulisuta. Yeye alianzia vitabu vya 1977 hadi 1979, vilivyoandikwa na Gygax mwenyewe. Alisema toleo la pili limefanywa la watoto. Alikuwa na ushahidi: miaka ya themanini wazazi na makundi ya dini yaliushambulia mchezo huu kuwa ni wa kishetani, na toleo la pili lilipotoka majina ya mashetani yalikuwa yameondolewa, yaliporudi mwaka 1991 yalirudi kwa majina ya kubuni. Muuaji wa kukodiwa, ambaye zamani alikuwa mmoja wa wahusika wa kuchagua, naye alikuwa ametolewa. Zaidi ya hayo, Gygax alikwisha ondoka katika kampuni. Kwa muuguzi yule toleo la pili lilikuwa nyumba ambayo baba amefukuzwa na watoto wamebadilisha mapazia.

Mwaka 1997 TSR, iliyokuwa imezama katika madeni, ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast, nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000. Safari hii ilikuwa zamu yangu kulalamika. Katika matoleo ya zamani deraya bora ilikuwa na namba ndogo, na hesabu ya kumpiga adui ilitaka kutoa na kujumlisha kwa namna iliyomchosha kila mgeni. Toleo la tatu lilinyoosha mambo: dadu ya pande 20, na namba kubwa ni njema siku zote. Hapana shaka ilikuwa nafuu. Nami niliichukia nafuu hiyo kwa miezi sita, kwa sababu nilikuwa nimetumia miaka kumi kujifunza ile taabu na sasa kila mtu angepita bila kulipa ushuru.

Nikitazama nyuma naona malalamiko ya wapenzi wa mchezo huu hujirudia kwa mpango uleule kila toleo linapotoka. Husemwa kwanza kwamba mchezo umerahisishwa kwa ajili ya watoto. Husemwa pili kwamba kampuni inataka fedha zetu tu. Husemwa tatu, na hili ndilo zito, kwamba huu si mchezo wetu tena, ni mchezo mwingine uliovaa jina la wetu. Toleo la tatu lilisemwa hivyo mwaka 2000. Miaka minane baadaye, lilipokuwa linaondoka, liliombolezwa kama marehemu aliyekuwa mwema kwa watu wote, na baadhi ya waombolezaji walikuwa walewale waliolitupia mawe lilipozaliwa. Nami nilikuwa mbele ya jeneza.

Kuna jibu rahisi kwa malalamiko haya yote, nalo hutolewa kila mara: kitabu chako cha zamani kiko rafuni, hakuna aliyekuja kukichoma, kitumie. Jibu hili lina ukweli. Kitabu cha karatasi hakifungwi na kampuni kutoka mbali, wala wino wake haufifii siku toleo jipya linapotangazwa. Lakini ni jibu la mtu asiyeufahamu mchezo. Kitabu unaweza kuwa nacho peke yako, mchezo huwezi. Unahitaji wenzako wanne ambao wako tayari kukaa mezani kwa kanuni zilezile. Toleo jipya likitoka, vijana wanaoanza hujifunza hilo, duka huagiza hilo, na baada ya miaka michache mwenye kitabu cha zamani ni kama mtu aliyebaki na lahaja ambayo jirani zake hawaisemi tena. Lahaja yenyewe haikupigwa marufuku. Ila hana wa kuzungumza naye.

Sasa nifike mwaka 2008, ambao ndio ulionifanya niandike.

Gygax alifariki mwezi Machi mwaka huo. Mwezi Juni likatoka toleo la nne. Fundi yule, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa msimulizi wetu, alinunua vitabu vyote vitatu siku ya kwanza, akavileta mezani kwa furaha ya mtoto. Alisema Liyongo sasa ataweza kufanya mambo ambayo hakupata kuyafanya. Mimi nilikichukua kitabu cha wachezaji, nikafungua kurasa kumi, labda kumi na mbili, nikakirudisha mezani. Nilisema, mbele ya wote, kwamba hii si Dungeons & Dragons, ni mchezo wa kompyuta uliochapwa karatasini, na kwamba anayetaka kuucheza na aucheze bila mimi. Muuguzi aliniunga mkono. Wawili waliobaki walikaa na fundi. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Sikwenda Jumamosi yoyote kwa miaka mitano.

Mimi na muuguzi tuliendelea kwa kanuni za toleo la tatu na watu wengine. Mwaka 2009 kampuni ya Paizo ilitoa mchezo uitwao Pathfinder, uliojengwa juu ya kanuni zilezile za toleo la tatu. Uliruhusiwa na leseni ambayo Wizards of the Coast yenyewe iliitoa mwaka 2000, iliyompa mtu yeyote haki ya kutumia kiini cha kanuni hizo. Ajabu ya mambo ni hii: sisi tuliotangaza kwamba hatutanunua vitabu vipya, kwamba vya zamani vinatutosha, tulikwenda kununua kitabu kipya cha kurasa 576 ili tupate kubaki palepale. Nacho kilikuwa kimebadilisha mambo mengi. Kilimwongezea askari uwezo, kikamwongezea na mchawi, kikagusa karibu kila ukurasa. Hatukulalamika hata kidogo. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba tulichukia mabadiliko.

Haikuwa kweli pia kwamba toleo la nne lilikuwa halituhusu. Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Tangu 1990 nilikuwa na lalamiko moja ambalo wenzangu walilichoka. Katika matoleo ya zamani mchawi mchanga ana uchawi mmoja tu kwa siku. Akishautumia hukaa pembeni na kurusha visu. Lakini akikua, husimamisha wakati na kuruka angani, huku askari akiendelea kufanya alilokuwa akilifanya siku ya kwanza: anapiga kwa upanga, na baada yake anapiga tena kwa upanga. Nilicheza askari miaka kumi na minane. Nilisema mara mia kwamba kanuni hizi zinamdhulumu. Toleo la nne ndilo lililosikia kilio hicho kuliko lote lililolitangulia. Liliwapa wote, askari na mchawi sawasawa, mbinu za kutumia wakati wowote, mbinu za kutumia mara moja katika kila pambano, na mbinu za mara moja kwa siku. Ndilo jambo ambalo fundi alitaka kunionyesha siku ile. Nilikirudisha kitabu mezani kabla hajafika ukurasa huo.

Mwaka 2013 nilikutana naye kwenye mazishi ya mtu tuliyemfahamu wote wawili. Tulisalimiana kwa adabu, kama watu waliodaiana kisha wakasahau nani alimdai nani. Nilipokuwa naaga nilimwomba aniazime kile kitabu. Hakuuliza kwa nini. Alikileta siku ya pili ndani ya mfuko wa karatasi, nami nikakisoma chote, kama nilivyopaswa kukisoma miaka mitano kabla ya kukihukumu.

Hukumu yangu ni hii. Toleo la nne ni kazi ya watu wenye akili na wenye nia njema. Hesabu zake zimepimwa. Msimulizi mgeni anaweza kuandaa pambano kwa nusu saa na likawa la haki, jambo ambalo katika toleo la tatu lilihitaji jioni nzima na kifutio. Kila mchezaji ana la kufanya kila zamu yake inapofika. Lakini limeandikwa kwa lugha ya karatasi inayokuja na pasi au jokofu. Mwendo wa mtu haupimwi kwa hatua wala kwa futi, unapimwa kwa miraba ya ubao. Mbinu zimepangwa safu kwa safu ndani ya visanduku vya rangi, kila moja ikieleza nani anapigwa, kwa kiasi gani, umbali wa miraba mingapi. Mapokeo ya hadithi yapo, ila yamesukumwa kwenye mstari mmoja wa herufi za mlalo juu ya kila kisanduku. Mtu husoma kurasa hamsini na haoni pango, haoni moshi wa mwenge, hamwoni mzee anayeuza ramani ya uongo sokoni.

Linganisha na kitabu cha wasimulizi alichokiandika Gygax mwaka 1979. Kwa vipimo vya ufundi ni kitabu kibaya. Hakina mpangilio, unatafuta kanuni ya maradhi na unaikuta mahali ambapo hukuitarajia, mwandishi anapenda maneno magumu na huacha hoja yake njiani ili akueleze habari za vito na mitishamba. Lakini ukikisoma unamsikia mtu. Anakunong'oneza, anakukaripia, anakudhania kuwa mwenzake. Muuguzi wetu hakukipenda kwa sababu ya kanuni zake, ambazo nusu yake hakuzifuata. Alikipenda kwa sababu kilizungumza naye.

Hapa ndipo ninapodhani wapenzi wa mchezo walikuwa na haki, ingawa sababu walizozitaja zilikuwa za makosa. Walisema kanuni zimeharibika, na hazikuwa zimeharibika. Walisema ni mchezo wa kompyuta, na haukuwa. Walichokihisi, ila hawakukipatia jina, ni kwamba mtu ameingia ndani ya nyumba yao bila kubisha hodi, akahamisha vyombo, tena kwa ufundi, kisha akawaeleza kwa nini jiko lao la zamani lilikuwa baya. Kampuni haikuficha dharau yake: katika kulitangaza toleo jipya, iliwakejeli waliokuwa wakipenda lile la zamani. Sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa maana ya hodi. Mwenye kubisha hodi haombi ruhusa tu. Anakiri kwamba nyumba ina wenyewe. Anaweza kuwa ameleta zawadi, na zawadi ikawa njema. Bila hodi huonekana mwizi.

Ushahidi wa neno langu ni toleo la tano. Kampuni ilitangaza mwezi Januari 2012 kwamba inaliandaa, na kuanzia Mei mwaka huo iligawa rasimu za kanuni bure, ikawaomba wachezaji wazijaribu na watoe maoni. Mwaka huohuo ilichapa upya vitabu vya Gygax, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza tena matoleo ya zamani kwa njia ya kompyuta. Kitabu cha wachezaji kilitoka Agosti 2014, na walioasi mwaka 2008 walirudi kwa makundi. Ndugu msomaji, ukikifungua kitabu hicho utaikuta mifupa ya toleo la nne mle ndani. Mchawi ana uchawi mdogo ambao hauishi, anaoweza kuutumia kutwa nzima. Askari ana uwezo unaorudi baada ya mapumziko mafupi, na mmoja wao umehifadhi hata jina lake la mwaka 2008. Wahusika hujitibu wenyewe wakipumzika, bila kumngoja kasisi. Yote haya yalilaaniwa yalipokuja kwa visanduku vya rangi; yalikaribishwa yalipokuja kwa sentensi ndefu, na hatua zikipimwa tena kwa futi. Zawadi ilikuwa ileile kwa sehemu kubwa. Ila safari hii ilibishwa hodi.

Sitaki msomaji adhani kwamba nawatetea wapenzi wa mchezo katika kila jambo. Kuna hasira za namna mbili, nazo zinafanana sauti.

Namna ya kwanza ilionekana Januari 2023. Rasimu ya leseni mpya ilivuja, na ndani yake kampuni ilikusudia kuibatilisha ile leseni ya mwaka 2000 na kudai sehemu ya mapato kwa watungaji waliokuwa wakiingiza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka. Watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya matoleo walisimama pamoja. Wengi walifuta michango yao ya kila mwezi. Tarehe 27 Januari kampuni ilirudi nyuma: iliiacha leseni ya zamani, na kanuni za msingi za toleo la tano ikaziweka chini ya leseni huria ambayo haiwezi kuzitwaa tena. Hasira ile ilikuwa ya haki. Bao la kwetu lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna ofisi popote duniani inayoweza kumwambia mzee wa barazani kwamba kuanzia mwezi ujao atalipia kusimulia jinsi linavyochezwa. Mchezo wenye mwenyewe ni kitu kingine, na ni vema wachezaji wakakumbuka tofauti hiyo kila siku.

Namna ya pili niliiona mwaka 2024, vitabu vya toleo la tano viliporekebishwa. Neno lililotumika tangu zamani kutaja asili ya mhusika, ambalo kwa Kiingereza ni lilelile la kugawa watu kwa rangi, liliondolewa, na mahali pake pakawekwa spishi. Nyongeza za nguvu na akili hazitokani tena na uzao wa mhusika, zinatokana na maisha aliyoyaishi kabla ya safari. Baadhi ya watu walisema nyumba imebomolewa. Niliwasikiliza kwa sababu nilikwisha jifunza kutohukumu kwa kurasa kumi. Lakini mimi nakumbuka toleo la tatu, ambamo mtoto wa mwanadamu na orki alizaliwa na pungufu ya akili, imeandikwa hivyo kwa namba, kutoa mbili. Nakumbuka nikiisoma nikiwa Mwafrika pekee mezani. Hakuna aliyesema lolote, nami sikusema. Nilipindua ukurasa. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba kulifuta jambo hilo ni kumnyang'anya nyumba yake, namuuliza nyumba hiyo ilikuwa ya nani na nani. Hodi hubishwa kwa wenyewe wote, pamoja na yule aliyekaa karibu na mlango.

Nimejifunza nini basi? Kwa mtungaji wa toleo jipya, kwamba kanuni ndiyo sehemu nyepesi zaidi ya kazi yake. Anaweza kubadilisha karibu kila kitu iwapo anaandika kama mtu anayejua kuwa kuna watu ndani. Kwa mpenzi wa toleo la zamani, kwamba uchungu wake ni wa kweli lakini hautoshi kuwa hoja. Asome kwanza. Aulize kama kilichomuuma ni kanuni, au ni namna alivyoambiwa, au ni hofu kwamba Jumamosi hazitakuwapo tena. Kama ni hofu hiyo, basi aseme hivyo mbele ya wenzake, maana kwa hofu hiyo dawa ipo, na haiuzwi dukani.

Mimi sikusema. Nilizungumzia kanuni wakati nilikuwa naogopa kupoteza meza, na kwa kuzungumzia kanuni nikaipoteza.

Nilipokuwa nakisoma kitabu kile cha kuazima, nilifika kwenye ukurasa wa askari, ule ambao sikuufikia mwaka 2008. Pembeni palikuwa na maandishi ya penseli, kwa mkono ninaoujua. Yalisema Liyongo, msumari wa shaba, kitovuni. Alikuwa ameyahamisha kutoka kitabu cha zamani kabla hajakileta mezani siku ile.

Nilimrudishia kitabu nikamwambia kwamba nimekisoma. Akauliza naonaje. Nikamwambia kimeandikwa vibaya na kimetungwa vizuri, na kwamba nilimkosea. Akasema kweli, kimeandikwa vibaya. La pili hakulijibu. Akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi.

Tuko watatu sasa. Muuguzi amehamia kwa mwanawe, na mmoja wa wale wawili hakurudi. Tunatumia kitabu cha 2014, na fundi haoni haja ya kununua kile cha 2024, ingawa mimi nimekinunua na kukisoma chote. Nimempelekea. Kiko mezani kwake, na juu yake pana penseli.